Ulimi wa Kuonjea

Hapa Ihanda kila mtu alijua kwamba rubisi ya Cleophace, ile pombe ya ndizi, haitoki nyumbani mpaka binti yake ameionja. Wazee walijua, walevi walijua, hata vijana wa bodaboda waliokuja kuchukua madumu walijua, maana walikuwa wananiuliza mimi kwanza: "Vipi, fundi, imeiva?" Kila mtu alijua, nasema, isipokuwa siku ile walipoulizwa.

Cleophace ni baba yangu. Nyumbani tunamwita Tata. Binti mwenyewe ni mimi, Joanitha, na kazi hiyo niliianza nikiwa na miaka saba. Sikuiomba. Mwaka huo Tata aliokoka kwenye mkutano wa injili pale Kayanga, akarudi ameacha pombe, ameacha sigara, ameacha hata kuwatukana mbuzi. Ila mtumbwi wa kukamulia ndizi, ule mti uliochongwa aliourithi kwa babu, hakuuacha. Alisema mti haujatenda dhambi yoyote.

Kanisani alijieleza vizuri kabisa. Yeye, alisema, anatengeneza omuramba tu, juisi ya ndizi, tamu, ambayo hata mtoto mchanga haimdhuru. "Omuramba ukilala siku mbili na unga wa mtama," alikuwa akiwaambia, "hapo mimi simo tena, hiyo ni kazi ya Mungu." Watu walicheka. Mchungaji hakucheka, lakini naye hakuuliza ni nani anayeukaanga huo mtama. Miaka ikapita, Tata akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akawa anapitisha kikapu cha sadaka Jumapili, na rubisi yake ikazidi kusifiwa kuanzia kwetu mpaka Kyerwa.

Shida ilikuwa moja tu. Rubisi isiyoonjwa huwezi kuipeleka kwenye sherehe ya watu. Ukiiwahi bado ni juisi, ukiichelewa imeshachacha, na wakati wake wenyewe ni mfupi, asubuhi moja au jioni moja. Pua inaweza kukudanganya. Ulimi haudanganyi. Sasa Tata ulimi wake alikuwa ameshauokoa, na mama pombe inamtibua tumbo tangu usichana wake. Basi nikaitwa mimi.

"Usiteme," Tata alinifundisha siku ya kwanza, amechuchumaa mbele yangu na kata ya kibuyu mkononi. "Ukitema hujaonja. Mpaka umeze ndipo ulimi unajua."

Nikameza. Nikasema bado ina utamu. Tukangoja, nikaonja tena mchana, nikasema sasa inauma pembeni mwa ulimi. Tata akaruka kwa furaha. Jioni ile watu walikunywa, wakasifu, na Tata akanibeba mabegani kutoka huko shereheni mpaka nyumbani. Nalikumbuka sana hilo, kwa sababu hakuwa mtu wa kubeba watoto.

Halafu kukawa na ile desturi yetu ya mbele za watu. Aliyetengeneza pombe ndiye anayeinywa kwanza, wageni wakimwona, ili ijulikane hakuna kilichotiwa ndani. Hilo nalo Tata hakuweza kulifanya na koti lake la kanisani. Akawa ananisogeza mimi. Nilipiga magoti, nikashika kata kwa mikono miwili, nikanywa, wazee wakaitikia, kibuyu kikaanza kuzunguka. Nilikuwa mdogo na kila mtu alinitazama kwa upendo. Usinilaumu kwamba nilipenda.

Kwetu huko hakukuitwa kunywa. Kuliitwa kuonja. Wanywaji walikuwa watu wengine kabisa, na mimi nikiwa miongoni mwa wanaowasema vibaya.

Na shuleni kwetu walikuwepo. Nilipofika kidato cha tatu nilishaujua mtandao wote. Kulikuwa na wavulana waliokuwa wakipata pombe kali ya paketi, ile inayokuja kwa pikipiki kutoka mpakani, wanaificha ndani ya soksi mpaka saa ya michezo. Kulikuwa na wasichana waliojaza rubisi kwenye chupa za maji na kuiweka dirishani darasani bila wasiwasi. Siku za gulio ndiyo usiseme. Niliwadharau. Nilipowaona wanacheka ovyo nyuma ya maabara, nilikuwa najisemea moyoni kwamba hawa wazazi wao wana kazi.

Mwezi wa tatu wakaja vijana wawili wa chuo fulani, wamevaa vitambulisho shingoni, wakatugawia karatasi za maswali juu ya unywaji wa pombe kwa wanafunzi. Mmoja alirudia mara tatu kwamba tusiandike jina. "Andikeni ukweli tu," alisema, "hakuna mtu atakayewajua." Walimu walitolewa nje.

Swali la nne liliuliza ulianza kunywa ukiwa na umri gani. Nilitaka kupita, maana mimi sinywi. Kisha nikasoma maelezo ya chini: hata kuonja kunahesabiwa. Nikakaa nikilitazama lile neno. Nikaandika saba.

Swali la tano: nani alikupa kwa mara ya kwanza? Waliweka visanduku. Rafiki. Ndugu. Nilinunua mwenyewe. Mwingine, taja. Sanduku la mzazi hawakuliweka kabisa, sijui walisahau au waliona haya. Nikatia alama kwenye "mwingine" na kuandika juu ya mstari: Baba, ili nionje kama imeiva.

Swali la kumi na moja liliuliza kama unaweza kukaa wiki nzima bila pombe bila kuumwa kichwa wala kuitamani. Nilijua jibu. Zile wiki ambazo hakukuwa na oda nilikuwa nazunguka mtumbwi mtupu bila sababu, naunusa. Kuonja kwenyewe kulikuwa kumeshatoka kwenye funda moja, kumefika kata mbili, siku nyingine tatu, na Tata alikuwa anasema kwa majivuno kwamba mwanawe hafanyi kazi kwa haraka. Swali hilo niliacha wazi. Ndilo pekee nililoacha. Wale vijana walikusanya karatasi, wakazitia kwenye bahasha kubwa, wakaifunga kwa gundi mbele yetu, wakaondoka nayo.

Sasa sikiliza nilivyokamatwa.

Ilikuwa mwezi wa saba, Jumatatu. Kulikuwa na familia moja inaondoa matanga siku hiyo, na rubisi ilitakiwa iondoke asubuhi na mapema. Alfajiri Tata akanigongea mlango. Nikaonja, nikasema bado kidogo. Nikavaa sare, nikaonja tena, nikasema haya, ipelekeni. Nikala kiporo cha ndizi na maharage, nikachukua daftari zangu, nikaenda shule.

Getini alikuwa amesimama Mwalimu Eliud, wa nidhamu. Ijumaa iliyotangulia walikuwa wameokota paketi tupu chooni, kwa hiyo alikuwa ameamua kunusa midomo ya shule nzima, mmoja mmoja. Wale wavulana wa soksi walikuwa wameshapata habari tangu njiani. Walikuwa wanatafuna kahawa, ile iliyochemshwa na kukaushwa ambayo wazee wetu huwapa wageni, wengine wamejaza majani ya mpera mdomoni. Wakapita wote. Mmoja hata alimpulizia mwalimu usoni kwa madaha.

Mimi sikutafuna chochote. Nitafune kwa nini? Mimi sikuwa mnywaji. Nilipofika mbele yake nilimwambia shikamoo mwalimu, nikafungua mdomo wangu wazi kabisa, bila hofu. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Joanitha," alisema taratibu. "Hata wewe?"

"Nimeonja tu, mwalimu."

Foleni nzima ikacheka. Hata wale wa soksi walicheka, tena wao ndio walioshika mbavu.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Aliniketisha ofisini kwake akanieleza bila kupiga kelele. Mwanafunzi anayekuja shule amelewa anapelekwa kwenye bodi, na bodi inaweza kumwondoa. Ila kama kuna maelezo ya nyumbani, mzazi aje ayaseme mwenyewe. "Baba yako akisema kwamba yeye ndiye anayekuonjesha," alisema, "tutamwonya yeye, na wewe utapewa onyo la maandishi urudi darasani. Asiposema, mimi sina la kukutetea. Kidato cha nne utakisikia kwa wenzako." Kikao kikapangwa Alhamisi.

Jumanne jioni nilimweleza Tata yote. Tulikuwa tunaanua kahawa kwenye mkeka, yeye upande huu, mimi upande ule. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachambua punje mbili tatu mbovu, akazitupa.

"Hilo ndilo linakuliza?" akasema. "Nitawaambia. Ni jambo la kusema mara moja na kuondoka. Mimi ndiye ninayekutuma, nani asiyejua?"

"Utasema kweli, Tata?"

"Joanitha. Lini nimekudanganya?"

Nilifikiri nikaona kweli, hajawahi. Nikalala usingizi mzito. Jumatano nikafua sare na kuipiga pasi, na kola nikaipiga mara mbili, kama mtu anayerudi darasani.

Alhamisi Tata alikuja na koti la kanisani na kofia mkononi. Bodi ilikuwa na watu sita, na mwenyekiti wake ni Mzee Privatus, ambaye shamba lake la kahawa ni kubwa kuliko uwanja wa shule. Watatu kati yao ni wa usharika wetu. Wawili wanakaa na Tata benchi moja la mbele. Nilipowaona nilifurahi, mjinga mimi, nikajua hawa wanatufahamu. Mzee Privatus mwenyewe, mwaka mmoja nyuma, tulimpelekea rubisi alipoondoa matanga ya mama yake. Nilipiga magoti mbele yake nikanywa, naye akaipokea kata kutoka mkononi mwangu.

Mwalimu Eliud akasoma kosa. Kisha Mzee Privatus akamgeukia Tata.

"Mzee mwenzangu, binti anasema pombe hii anaipata nyumbani, kwamba wewe unamwonjesha. Tueleze."

Tata alizungusha kofia yake. Akawatazama wale wawili wa benchi la mbele. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, maana nilijua kinachofuata.

"Nyumbani kwangu," alisema, "hakuna mtu anayekunywa."

Nikangoja aendelee. Nilidhani ni utangulizi.

"Mimi ni mzee wa kanisa. Ninachotengeneza ni omuramba, mnajua wote. Huyu mtoto nimemlea kwa maombi. Haya mengine sijui ameyaokota wapi. Labda huko Kayanga, kwa marafiki."

"Tata!" nikasema.

"Nyamaza. Usiniongezee aibu."

Mwalimu Eliud hakuridhika, namsifu kwa hilo. Akasema, "Lakini, mzee, mtoto amesimulia mambo yote kwa utaratibu. Kata, mtama, mtumbwi, mpaka saa."

Hapo Tata akasema neno ambalo nitakufa nalo. Alilisema kwa upole, kwa sauti ile ile anayoombea watoto wa Jumapili.

"Mwalimu, mtoto mlevi atasema nini?"

Nililia. Sikulia kwa kuogopa kufukuzwa. Nililia kwa sababu alikuwa ananitazama usoni wakati anasema. Nikasimama nikawaambia niliandika, mwezi wa tatu niliandika kila kitu kwenye karatasi ya wale vijana wa chuo, kabla sijakamatwa, kabla sijawa na sababu ya kudanganya. Itafuteni, nikasema, imeandikwa: Baba, ili nionje kama imeiva. Mkuu wa shule akainamisha macho.

"Zile karatasi zilishaondoka, Joanitha," alisema. "Na hazina majina."

"Kuonja si kosa langu," nikasema. "Sikunywa. Nimeonja."

"Binti," Mzee Privatus akanikata, "mbele ya sheria za shule hakuna kuonja. Kilichopita kooni kimenywewa. Na nyumba ya Mzee Cleophace mimi naijua. Sijapata kuona ulevi pale." Niliutazama mkono wake juu ya meza, mkono ule ule uliopokea kata. Ulikuwa unatia saini barua ya kuniondoa shule.

Njiani Tata alitangulia hatua kumi mbele, nami nyuma. Hakugeuka. Nyumbani mama alinichemshia maziwa. Alingoja mpaka Tata ameingia shambani ndipo akanong'ona: "Ungetaka baba yako afanyeje, mwanangu? Angesema vile mbele ya wale watu, Jumapili angetengwa. Angekaa nje ya meza ya Bwana, na umri wake huu."

"Na mimi nimetengwa na nini, mama?"

Alichukua kikombe akakisuuza, na kilikuwa bado na maziwa.

Wiki tatu nilichuma kahawa. Wenzangu walipita barabarani na sare, nami nikajificha ndani ya migomba mpaka wapite. Kichwa kilinigonga kutwa, na nilijua kinataka nini, na sikukipa. Hilo ndilo jambo pekee lililokuwa langu mwenyewe. Tata alikuwa anakula nami, anasali nami, anasema "nipitishie chumvi" kama kawaida. Nilimngoja aseme neno. Ningekubali neno lolote, hata dogo.

Kisha ikaja oda ya Mzee Privatus. Ndiyo, yeye. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Nkwenda, upande wa mchumba wa binti yake, kujitambulisha, na alitaka rubisi ya Cleophace wala si ya mtu mwingine. Tata aliivisha ndizi, akakanyaga, akakamua, akachanganya mtama. Ijumaa asubuhi akaniita kutoka kwenye kibanda.

"Joanitha, njoo uonje."

Nilikuwa nimeshika jembe. Nililiweka chini taratibu.

"Mtoto mlevi ataonja nini, Tata?"

Akanitazama. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige, angalau tungekuwa tumezungumza. Akafunga mlango wa kibanda, ikawa imeishia hapo. Nikarudi kulima. Mchana wote nilijisikia mshindi. Nilijisemea safari hii ataipeleka kwa kunusa, na ikiwa imechacha, na aaibike.

Jumamosi tukaenda wote, kama familia. Mama alibeba ndizi, mimi nilibeba kibuyu kikubwa kichwani, na mdogo wangu Placidia, wa miaka tisa, alibeba kata. Alivaa gauni lake la Krismasi na alikuwa anaruka ruka mbele yetu. Tulikuta turubai limefungwa uani, viti vimepangwa pande mbili, wakwe huku, wenyeji kule. Mkuu wa shule alikuwepo, ameketi karibu na meza ya chakula. Wale wawili wa benchi la mbele walikuwepo. Mchungaji alishafungua kwa sala na kuondoka, kama anavyofanya siku zote vibuyu vikianza kuonekana.

Msemaji wa wakwe alikuwa mzee mmoja mrefu anaitwa Theoneste. Baada ya salamu na utani wa kutosha, kibuyu kikawekwa katikati. Akakitazama, akacheka.

"Sisi wa Nkwenda ni waoga," alisema. "Aliyeitengeneza yuko wapi? Aonje tumwone, nasi tufuate."

Watu wakacheka. Mzee Privatus akanyoosha mkono upande wetu. "Cleophace, waitu, ndugu yetu, wageni wanangoja."

Tata alisimama na koti lake. Akawaangalia wale wawili wa benchi la mbele. Akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeweka mikono juu ya mapaja, na niliiacha pale pale. Tulitazamana kwa muda ambao kila mtu aliuona. Ndipo nikaona macho yake yananiacha na kushuka pembeni yangu.

"Placidia," akaita. "Njoo, mwanangu."

Akaenda mbio. Hakuambiwa afanye nini. Alipiga magoti vizuri, gauni akalikunja chini ya miguu lisichafuke, akachota, akashika kata kwa mikono miwili. Mama alitazama chini. Mkuu wa shule alikuwa anatazama sahani yake.

Nilisimama. Sijui nilifikaje pale katikati. Nilimshika Placidia mikono kabla kata haijafika mdomoni, nikaichukua. Harufu ikanipanda puani, na mate yakanijaa mdomoni, sioni haya kusema. Nikageuka kwa Mzee Privatus.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza tu. Huyu akinywa hapa, mtamwondoa shule Jumatatu?"

Upande wa wakwe wakaanza kuulizana huyu ni nani. Mzee Privatus alitabasamu kwa ajili ya wageni, uso ukamwiva.

"Binti, usituharibie shughuli. Mtoto anaonja tu. Kuonja ni kuonja, nani ameita huko kunywa?"

Aliyasema hayo mbele ya mkuu wa shule. Aliyasema mbele ya wale wawili. Wote walikuwepo Alhamisi ile. Niliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyeshtuka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile hakuna aliyedanganyika. Walijua kuliko mimi. Baba yangu alidanganya watu waliokuwa wanaujua ukweli, nao wakamshukuru.

Nikampelekea Tata ile kata. "Basi onja wewe. Ni kuonja tu."

Mikono yake haikuinuka. Rubisi ikamwagika kidogo juu ya kiatu chake, na hakuondoa mguu.

"Joanitha," alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "usinifanyie hivi mbele za watu."

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na mengi. Lakini Placidia akanivuta sketi. Alikuwa anatabasamu, ananionea huruma, anadhani dada yake anaogopa rubisi isije ikawa mbaya.

"Dada, usiogope, imeiva," alisema kwa sauti iliyosikika uani kote. "Nilishaionja jana. Na juzi asubuhi nikaionja. Juzi ilikuwa tamu, jana jioni ikaanza kuuma hapa." Akagusa pembeni mwa ulimi kwa kidole. "Tata alinifundisha. Mpaka umeze ndipo ulimi unajua."

Juzi ilikuwa Alhamisi. Mimi niliitwa Ijumaa. Hakungoja hata nikatae.

Mzee Theoneste akapiga makofi. "Basi imeshaonjwa!" akasema, na watu wakacheka, wakashusha pumzi, na kila mtu akashukuru kwamba mambo yamerudi mahali pake. Kata ikachukuliwa mkononi mwangu. Kibuyu kikaanza kuzunguka, Mzee Privatus akanywa, akafuta mdomo, akasema hakuna kama Cleophace. Mgeni mmoja alimshika Placidia kichwani akamwita fundi.

Nilimshika mkono mdogo wangu tukatoka nje ya turubai, tukapita nyuma ya jiko, mpaka kwenye uzio wa kahawa ambako hakuna mtu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Akafungua wazi kabisa, bila hofu. Nikamnusa.